Habari za mtandaoni zinatuchosha macho

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu hizi habari mnazotuwekea mtandaoni, maana kwenye karatasi mnajitahidi kweli ila kwenye simu mnamwaga tu, aya moja inajaza skrini nzima na haina hata kichwa kidogo cha kupumzikia, halafu mnalalamika watu wanasoma kichwa cha habari tu na kukimbilia kukomenti.

Mtandaoni watu tunapitisha macho, na msiseme ni uvivu wa vijana wa leo. Jakob Nielsen, mtafiti wa jinsi watu wanavyotumia tovuti, alishapima hilo 1997, akakuta asilimia 79 ya aliowajaribu wanarukaruka tu ukurasa, waliosoma neno kwa neno walikuwa asilimia 16. Mwaka 2006 yakafuatiliwa macho ya watu 232, yakaonekana yanapita mistari ya juu kisha yanateremka upande wa kushoto, yaani kama herufi F. Sasa nyie jambo lenyewe mnalificha aya ya saba, nani atalikuta huko?

Juzi nimeona "Kocha afunguka mazito", nikaingia. Nimeskroli nikapita historia yake yote tangu anacheza, likaja tangazo likaziba skrini (kile kialama cha kufungia kidogo kama punje ya mtama, unabonyeza unajikuta umelifungua), video nayo ikajiwasha yenyewe inakula bando langu, na hayo mazito kumbe kasema timu imejiandaa vizuri. Jamani!

Mnadhani mvuto ni rangi na madoido. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe yanapendeza kwa aliyeyabuni, sisi wenye miwani tunakodoa. Miongozo ya WCAG, ile ya kimataifa ya kufanya tovuti zisomeke na kila mtu hata wenye ulemavu, inataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma isipungue 4.5 kwa 1, na kuna vifaa vya bure mtandaoni vya kupimia.

Linaloniudhi zaidi ni matangazo ya kazi. Barua inapigwa picha, imekaa upande, muhuri umefunika tarehe ya mwisho, ukiivuta iwe kubwa herufi zinakuwa ukungu, na asiyeona anayesomewa na simu yake anaambulia neno "picha" basi. Hata kutafuta jina la nafasi huwezi. Mkishaletewa barua si mnaichapa tu maneno yake hapo chini, tarehe ya mwisho ikae mstari wa kwanza, picha ibaki kwa anayetaka kuona muhuri?

Msomaji wenu