Tamasha la filamu za wanawake liandike masharti yake mapema

Ndugu Mhariri,

Mabishano kuhusu nani aingie na nani abaki nje ya matamasha ya filamu za wanawake, hasa kama wanawake waliobadili jinsia (waliozaliwa wakihesabiwa wanaume na sasa wanaishi kama wanawake) wakubaliwe, yamekuwa makali, na wengi wanabishana kana kwamba matamasha hayo yameanza jana. Naomba nafasi niseme langu, kwa sababu nayapenda na sitaki kuyaona yakisambaratika.

Yale ya mwanzo, New York na Edinburgh, Uskoti, mwaka 1972, kisha lile la Ufaransa lililoanza 1979 na ambalo leo hufanyika Créteil, hayakuanzishwa ili kutukuza maumbile ya mtu. Yalianzishwa kwa kuwa waongozaji wanawake walinyimwa fedha, kumbi na nafasi ya kusikika. Hali hiyo haijaisha. Mei 2018 wanawake 82 walisimama pamoja kwenye ngazi za tamasha kubwa la filamu la Cannes, Ufaransa, idadi ya waongozaji wanawake waliokuwa wamepanda ngazi hizo kushindania tuzo tangu 1946. Wanaume, kwa hesabu iliyosomwa siku ile, walikuwa 1,688.

Ndiyo maana siwabezi wanawake wanaozilinda nafasi chache walizonazo. Walizipigania. Anayewaita wenye chuki kabla ya kuwasikiliza anawakosea. Ila hitimisho lao, kwamba waliobadili jinsia wabaki nje, silikubali. Mwanamke aliyebadili jinsia anapokwenda kuomba fedha za filamu hapokewi kama mwanamume. Mara nyingi mlango anaofungiwa ni ule ule tuliofungiwa sisi wanawake, na kwake una kufuli mbili.

Mfano unaotajwa sana ni wa waongozaji wa Marekani Lana na Lilly Wachowski. Filamu yao The Matrix ilitoka 1999 wakijulikana kama ndugu wawili wa kiume. Lana alijitokeza hadharani kama mwanamke mwaka 2012, Lilly mwaka 2016. Wanaopinga husema hao walipata fedha za Hollywood wakati wakihesabiwa kuwa wanaume. Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito. Lakini ni hoja kuhusu filamu moja na bajeti yake. Chipukizi aliyebadili jinsia, mwenye filamu ya dakika kumi aliyoihariri kwenye kompyuta ya kuazima, hana chochote cha Hollywood. Kwa maoni yangu, mtu ahesabiwe alivyo siku anapowasilisha filamu. Na yule aliyeongoza filamu akiishi kama mwanamke, kisha baadaye akaishi kama mwanamume, kazi yake isifutwe kwenye kumbukumbu za tamasha. Ilionyeshwa kwa haki.

Uthibitisho kwamba mtu ni mwanamke? Neno lake mwenyewe litoshe. Tukianza kudai vyeti na picha za zamani, hatutawakagua waliobadili jinsia peke yao. Kila mwanamke mwenye sauti nzito au jina lisiloeleweka atawekwa kitimoto. Na hii si riadha, ambako watu wanabishana kuhusu misuli na kasi.

Linaloniuma zaidi halizungumzwi kabisa. Yapo matamasha ya wanawake yanayopokea filamu iliyoongozwa na mwanamume, mradi mwandishi au mtayarishaji ni mwanamke. Huenda zipo sababu nzuri, maana watayarishaji wanawake nao wanahitaji kuonekana. Lakini kama tuna uchungu na nafasi za waongozaji wanawake, tuanze kuhesabu hapo. Sijaona mtu akipandisha sauti kuhusu hilo.

Wengine wanapendekeza tuache kabisa kutenganisha jinsia, wakitoa mfano wa tamasha la filamu la Berlin, Ujerumani, ambako tangu 2021 tuzo za uigizaji hazigawanywi tena kwa wanaume na wanawake. Kwa waigizaji, sawa. Kwa waongozaji, njia hiyo imeshajaribiwa: tuzo ya Oscar ya uongozaji haijawahi kutenganisha jinsia, na mwanamke wa kwanza kuipata, Kathryn Bigelow, aliipata mwaka 2010. Matamasha ya wanawake bado yana kazi.

Kuhusu watu wasiojitambulisha kama wanaume wala wanawake, waandaaji wasiwabebe kimyakimya chini ya jina la wanawake. Wapo wanaofurahi kukaribishwa, na wapo wanaoona wamepachikwa jina lisilo lao. Waulizwe, kisha itajwe wazi kwenye tangazo kama wanakaribishwa na kwa jina gani.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandaaji ni moja. Andikeni masharti yenu kwa lugha nyepesi: ni nafasi gani katika filamu inayohesabiwa, mwongozaji peke yake au na wengine, kwamba wanawake waliobadili jinsia wanaingia kama wanawake, na nani atasikiliza malalamiko. Yatangazeni kabla ya kufungua dirisha la kupokea filamu, ili mtu asilipe ada, akasubiri miezi, kisha akaambiwa hakustahili hata kuomba.

Wako,
Mpenzi wa filamu