Tustroki iliyopimwa Nairobi inanoki mchangani: anza na kabureta

Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, ikikaribia, pikipiki za zamani za tustroki (injini ya mipigo miwili) huanza kushuka kutoka bara kuja huku pwani, nyingi zikiwa Yamaha DT. Wenyewe wanataka kushindana na wenzao maji yakishakupwa, wakati ufuko ni mpana na mchanga umeshikana. Baadhi ya injini hizo hunoki, yaani pistoni hukwama, hata kabla mbio hazijachanganya, na mwenye pikipiki anatuambia sisi mafundi wa huku kuwa kabureta imetoka kwa fundi juzi tu. Huenda fundi huyo alifanya kazi safi kabisa, ila aliipima kwa hewa ya Nairobi.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha asilimia 15. Jeti, yaani kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, iliyotosheleza kule, huku inaleta petroli haba kwa hewa inayoingia. Kwenye injini ya mipigo minne ungepoteza nguvu kwanza. Kwenye tustroki petroli ndiyo inayobeba oili, na ndiyo inayosaidia kupoza pistoni, kwa hiyo ikipungua unapoteza vyote viwili kwa pamoja. Mchanga nao unazidisha. Uko gia ya pili, umevuta mkono wa mafuta hadi mwisho, mwendo ni mdogo na upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda hautoshi. Pistoni inapanuka, inakwaruza silinda, mara nyingi upande wa eksozi, halafu inakwama.

Wanaoshindana mchangani Ufaransa, kwenye mbio za Le Touquet zilizoanzishwa na Thierry Sabine mwaka 1975, wanaijua shida hii vizuri: mchanga unataka jeti kubwa kuliko barabara. Sisi pia tunaanza na mafuta mengi, kisha tunapunguza polepole. Pikipiki iliyokuwa na jeti kuu ya 120 Nairobi (namba ikiwa kubwa, petroli ni nyingi zaidi) tunaifunga 135 kwanza. Ikigugumia mafuta yakiwa wazi yote, tunashuka hadi 130. Kutoka kwenye mafuta haba kupanda juu ni kucheza kamari na pistoni, na pistoni za mashine hizi zinazidi kuadimika.

Kabla ya kugusa jeti yoyote tunatafuta hewa ya wizi, ile inayoingia kwenye injini bila kupitia kabureta. Sili za krenki za pikipiki ya miaka arobaini huwa zimekauka, na mpira unaoshika kabureta hupasuka kwa chini pasipoonekana. Dalili yake ni silensa (mwendo wa injini ukiwa hujavuta mafuta) inayopanda yenyewe, au injini inayochelewa kushuka ukiachia mkono. Hapo hata jeti ya 150 haitakuokoa. Tunafungua pia bomba la petroli na kuangalia koki inavyotiririsha, pamoja na kitundu cha hewa cha kifuniko cha tangi. Kikiziba, bakuli la kabureta linakauka katikati ya mbio na injini inapata mafuta haba ingawa jeti ni sahihi.

Jeti kuu inatawala kuanzia robo tatu ya mkono wa mafuta hadi mwisho. Katikati ni kazi ya sindano ya kabureta. Ukishusha klipu yake tundu moja, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Kwa mchanga huwa tunaishusha, kwa sababu kona za ufukweni zinaendeshwa kwa nusu mkono na watu wengi husahau sehemu hiyo. Silensa tunaimaliza kwa skrubu ya hewa. Kwenye kabureta za Mikuni za DT, kuikaza kunaongeza mafuta.

Kisha tunasoma plagi. Plagi mpya, mafuta wazi yote kwenye mchanga wenyewe, halafu klachi inashikwa na injini inazimwa kwa wakati mmoja. Kauri ya plagi ikiwa nyeupe, hiyo pikipiki haishindani siku hiyo. Tunatafuta kahawia. Nyeusi na yenye unyevu, tunapunguza jeti.

Kuhusu oili, tunawasihi wateja wetu: msiongeze kwa kukisia. Oili ikizidi kwenye petroli, petroli yenyewe inayopita kwenye jeti inapungua, na unarudi kulekule kwenye mafuta haba. Kama pampu ya oili imeondolewa na unakoroga mwenyewe, tunatumia mililita 200 kwa lita 5 za petroli, na jeti tunaipima kwa mchanganyiko huohuo. Ukibadilisha kipimo, tuambie tupime upya.

Chujio la sponji lipakwe oili yake, na pikipiki ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo. Na tafadhali msipande juu ya mstari wa maji kujaa, kasa hutaga mayai huko.

Ukileta pikipiki, tuambie ilipimwa mji gani, na kama pampu ya oili bado inafanya kazi. Ilete siku mbili kabla ya mbio, maana kupima plagi kunahitaji maji yawe yamekupwa. Jeti zako za Nairobi tunakurudishia kwenye kipakiti pamoja na karatasi ya kuonyesha klipu ilikuwa tundu la ngapi. Ukipanda bara na jeti za pwani, pikipiki itatoa moshi na kulowesha plagi, lakini injini itafika salama.