Bima ya ziada: tuandikieni tarehe, sio miezi

Mhariri, assalamu alaykum. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nilitoe hili jambo la bima ya afya ya ziada na kipindi chake cha kusubiri, limenikaa kooni tangu Septemba na najua sio mie peke yangu, maana kila nikilisimulia barazani anatokea mtu anasema hata sie yametukuta.

Tuko ndugu wanne na mama yetu anakaa na mie hapa Chake Chake. Mwaka 2024 jicho lake la kulia likaanza kuingia ukungu, ikawa akimimina chai inamwagika pembeni ya kikombe na yeye hana habari mpaka imuunguze kidole. Tukampeleka, daktari akamulika akasema mtoto wa jicho, bado mchanga, mtamrejesha. Kaka yetu aliyeko Unguja akatoa rai tuchange tumkatie bi mkubwa bima ya ziada, maana hospitali za serikali zipo na tangu Mapinduzi ya 1964 sie tumekulia kwenye matibabu ya bure, na watumishi siku hizi wana Mfuko wao wa Huduma za Afya, ZHSF, uliotungiwa sheria 2023, lakini hii ya ziada inakaa juu ya hayo yote, unailipa mwenyewe kwa kampuni binafsi ili upate hospitali ya binafsi, foleni fupi na daktari unayemtaka. Mama alikuwa na miaka 58 na kampuni nyingi hazimpokei mtu mpya akishapindukia umri fulani, tukaona tuwahi.

Wakala akaja mpaka nyumbani. Kijana mwenye adabu, kaa ukumbini, kunywa juisi, fungua makaratasi. Mie nikamuuliza swali moja tu, macho yamo? Akasema yamo. Na kweli yamo, nshaisoma ile hati mara kumi sasa, yamo ukurasa wa tatu. Ambacho sikuuliza na yeye hakusema ni yamo kuanzia lini.

Hapo ndipo penye kipindi cha kusubiri. Siku bima inapoanza sio mafao yote yanaanza siku hiyo, kila fao lina mlango wake na kila mlango una siku yake ya kufunguka. Ajali kwa kawaida inafunguka siku ya kwanza. Maradhi ya kawaida, homa, malaria, matumbo, mara nyingi ni baada ya siku 30 hivi. Uzazi ni miezi 9, 10, wengine 12, kwa hiyo mke akishakuwa mjamzito ndio mnakimbilia bima basi mimba hiyo mtailipia wenyewe. Na maradhi uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga, presha, sukari, ngiri, mtoto wa jicho kama huyu wa mama, mara nyingi ni miezi 12 kamili. Kampuni hazifanani, ndio maana nasema mara nyingi, lakini mpangilio ndio huo karibu kila pahala.

Sasa piga hesabu na mie mhariri. Bima ni ya mwaka mmoja, kusubiri ni miezi 12. Maana yake mwaka wa kwanza wote tulilipia kitu ambacho kwa lile jicho hakina kazi hata siku moja, faida yake inaanza pale tu unapovuka kuingia mwaka wa pili. Kwa hiyo ile siku ya kuhuisha ndio siku kubwa kuliko zote, ukiikosa hiyo umekosa kila kitu, na hiyo ndiyo siku ambayo hakuna mtu aliyetukumbusha.

Bima ya mama ilianza tarehe 15 Agosti 2024, ikaisha tarehe 14 Agosti 2025. Agosti kwetu Pemba pesa iko juani. Karafuu zetu zilikuwa majamvini, mvua ikapita siku tatu, tukawa tunaanika tunaanua, tunaanika tunaanua, na fungu langu la mchango lilikuwa linasubiri zikauke niende nikauze. Tukalipa tarehe 2 Septemba. Siku 18 katikati. Tulipolipa pesa ikapokelewa, risiti ikaja kwenye simu, kadi ikafanya kazi, hakuna aliyetwambia kitu, sisi tukajua tumechelewa kidogo tu kama mtu anayechelewa kulipia umeme, ukilipa unawaka.

Wiki mbili baadae tukapanda meli Mkoani mimi na mama kwenda Unguja. Alikuwa amevaa kanga mpya, njiani ananambia akirudi anataka asome mwenyewe msahafu wake wa herufi ndogo, ule mkubwa aupe wajukuu. Tukafika hospitali ya binafsi, wakachukua kadi, jina lake likatoka kwenye kompyuta, mama akaniangalia akatabasamu. Halafu dada wa kaunta akapiga simu kwa kampuni, akasikiliza, akaandika tarehe kwenye kikaratasi akanisukumia: fao la upasuaji wa macho bado halijafunguka, litafunguka 2 Septemba 2026. Nikamwambia, dada, mama ameshasubiri miezi 12 tangu mwaka jana, akasema kwa upole, sikumlaumu na wala sasa simlaumu, kwenye mfumo huyu ni mwanachama mpya, bima ya mwanzo ilikatika. Mama akauliza wanasemaje, nikashindwa kumjibu pale pale.

Hiyo ndiyo habari yangu. Nimekaa nayo, nimeisoma hati neno kwa neno, na lazima nikiri kwamba kipindi cha kusubiri chenyewe sio dhulma. Sote tunaujua mchezo wa upatu. Mtu akiingia kwenye upatu akaomba apokee wa mwanzo kisha akapotea, wanaobaki ndio wanaoumia, ndio maana watu hawamuanzii mgeni. Bima ni hivyo hivyo, kama kila mtu atasubiri augue ndio ajiunge na akipona atoke, mfuko unakauka na ada inapanda kwa waliobaki mpaka nao wakimbie. Ndio maana ajali haina kusubiri, hakuna anayepanga kugongwa na bodaboda. Hata hii bima ya wageni wanaotutembelea, dola 44 tangu Oktoba 2024, ni ya mambo ya dharura, mgeni ikimtokea ajali siku ya pili hawezi kuambiwa asubiri. Kwa hiyo mie sisemi kipindi kifutwe. Ninachosema ni kwamba kisifichwe, na kisianze upya kwa siku 18 kwa mtu ambaye mwaka mzima kalipa na hajadai hata panadoli.

Maana huyu bibi hakuingia ili achukue atoke. Alikaa kwenye upatu mzima akisubiri zamu yake! Zamu ilipofika akaambiwa rudi nyuma kabisa.

Wenzetu wengine haya mambo yamewekewa sheria. Ujerumani sheria yao ya mikataba ya bima inasema kusubiri kwa kawaida kusizidi miezi 3, na kwa uzazi, matibabu ya akili na meno kusizidi miezi 8. Australia maradhi ya kabla na uzazi hayazidi miezi 12, mengi ya yaliyobaki ni miezi 2, na mtu akihama kampuni kwenda nyengine kwa fao la kiwango kile kile miezi aliyokwisha kuisubiri inahesabiwa, haanzi sifuri. Tena huko kampuni haiamui kwa kukisia kwamba maradhi yalikuwepo kabla, daktari anapitia dalili za miezi 6 kabla ya kujiunga. Najua sisi sio wao na soko letu dogo, lakini kuhesabu miezi ya mtu haihitaji utajiri, ni tarehe tu kwenye kompyuta.

Na kuna mengine niliyoyajua kwa kuchelewa, nayasema ili mwenzangu asiyajue kaunta kama mie. Ukipanda daraja, umetoka kifurushi kidogo kwenda kikubwa, ile nyongeza mara nyingi inaanza kusubiri upya hata kama wewe ni mwanachama wa zamani. Ukiwa umekatiwa bima ya kundi kazini mara nyingi mwajiri amewaombea wafanyakazi wote msamaha wa kusubiri, siku ukiacha kazi ukajikatia mwenyewe unaanza moja, kwa hiyo uliza kabla hujaandika barua ya kuacha. Na kuna tofauti kubwa ya fao ambalo halijafunguka na fao ambalo halimo kabisa, watu wanayachanganya, wanasubiri mwaka mzima kitu ambacho hakitakuja. Halafu tafadhali sana msiandike uongo kwenye fomu ili mkwepe kusubiri. Dada yangu alitaka tusiandike lile jicho, kaka akakataa, na nashukuru alikataa, kwa sababu wakija kugundua kwenye mafaili ya daktari wana haki ya kukataa madai na pesa yenu imekwenda.

Sasa maombi yangu kwa makampuni na kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambao ndio wasimamizi wao huku na bara. Andikeni tarehe. Msituandikie "miezi 12 tangu kuanza kwa bima" ukurasa wa tisa kwa herufi za sisimizi, andikeni kwenye ukurasa wa kwanza au nyuma ya kadi, uzazi unafunguka tarehe fulani, macho tarehe fulani, na bima hii ikikatika tarehe zote hizi zinaanza upya. Mistari minne tu. Wekeni na siku za nyongeza baada ya bima kuisha, zipo kampuni zinazotoa kwa hiyo haishindikani, na ziwe sawa kwa wote, watu wa huku tunakula kwa msimu, karafuu, mwani, samaki, hatuna mshahara wa tarehe 25. Na tumeni ujumbe wa simu mwezi mmoja kabla kwa Kiswahili cha kueleweka. Ujumbe wa kunitakia Iddi njema waliutuma, wa kuniambia bima ya mama inaisha hawakuutuma.

Na ukichelewa ukataka kulipa, pokeeni pesa BAADA ya kumwambia mtu kwamba anaanza upya, sio kabla. Kama wangenambia tarehe 2 Septemba pengine nisingelipa, au ningelipa nikijua. Wamepokea kwanza. Hilo ndilo linaloniuma hasa, kuliko hata ile safari.

Kwa waliokutwa na haya kama sie, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa kwa Sheria ya Bima ya 2009, mlalamikie kampuni kwanza kwa maandishi, wekeni nakala, halafu wakikukatalieni ndio mwende kwake. Sisi barua yetu kwa kampuni imeshakwenda, tunasubiri jibu.

Mama jicho la kulia alifanyiwa Disemba, hospitali ya serikali hapa hapa Pemba. Tulikaa foleni, kweli, lakini alhamdulillah lilifunguliwa asubuhi ya pili yake na kitu cha kwanza alichokisema ni kwamba ukuta wa wodi mchafu. La kushoto nalo limeanza ukungu. Kadi ya bima tumeitundika na uzi kwenye kalenda ya jikoni, kaka ameandika kwa kalamu nyekundu 2 SEPTEMBA 2026, na chini yake 1 AGOSTI – LIPA, karafuu zikauke zisikauke.

Msomaji wako,
Chake Chake, Pemba