Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Mastelingi Waliosahaulika

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wasomaji wa katuni,

Nawashukuru mliofika, na nawashukuru zaidi mliofika kwa wakati, maana bila ninyi akidi isingetimia na hadi sasa Katibu angekuwa anapiga simu. Kumbukumbu za mkutano uliopita mnazo mkononi. Yatokanayo tutayajadili baada ya taarifa hii. Mambo ya fedha atayasoma Mhazini, nami sitamwingilia ila kwenye suala la ada nitakalolifikia mwishoni.

Mtakumbuka kwamba mkutano uliopita uliiagiza Kamati tuache kwa mwaka mzima kusoma wale mastelingi, yaani mashujaa wakuu, wa katuni za Kimarekani ambao sura zao zimebandikwa hadi kwenye daladala na mabegi ya shule. Superman, Batman na Spider-Man wakae kabatini, tusome wale wasiojulikana: mashujaa wa matoleo mawili matatu, na maadui ambao hata mashabiki wanawacheka. Agizo lilipita kwa kura chache. Waliopinga walikuwa na hoja nzito, kwamba aliyesahaulika kasahaulika kwa sababu. Angekuwa mzuri, angedumu. Hoja hiyo imetusindikiza kila kikao, na baada ya mwaka wa kusoma msimamo wangu ni huu: ni wachache walioangushwa na hadithi mbaya. Wengi waliangushwa na bei ya karatasi, na mahakama, na tajiri aliyeamua kufunga mitambo.

Ushahidi wangu wa kwanza ni Lion Man. Mwaka 1947, mjini Philadelphia, mwandishi wa habari Mweusi aitwaye Orrin C. Evans alibaki bila kazi baada ya gazeti la Philadelphia Record kufungwa. Akawakusanya wenzake, wakatoa kitabu cha katuni kiitwacho All-Negro Comics, ambacho waandishi na wachoraji wake wote walikuwa watu Weusi. Kilikuwa na kurasa 48 na kiliuzwa senti 15, wakati vitabu vingi vya aina hiyo viliuzwa senti 10. Humo ndimo alimozaliwa Lion Man, mwanasayansi kijana, Mmarekani Mweusi, aliyetumwa na Umoja wa Mataifa huko Gold Coast akalinde mlima wenye urani ya kutosha kutengeneza bomu la kuimaliza dunia. Anafuatana na mtoto yatima, Bubba, asiyesikia la mkubwa, na wanawindwa na daktari mwovu aitwaye Blut Sangro.

Naomba mzitazame tarehe. Hadithi hii ilitoka miaka 2 baada ya Hiroshima na miaka 10 kabla Gold Coast haijawa Ghana huru. Wakati ule mtu Mweusi katika katuni nyingi za Marekani alikuwa mpagazi, mpishi au kichekesho. Huyu hapa amepewa shahada, amepewa kazi ya Umoja wa Mataifa, na madini ya Afrika yanazungumzwa kama jambo ambalo wakubwa wa dunia wataliulia watu. Sisi tuliokulia karibu na nchi zenye madini hatukuhitaji kufafanuliwa.

Toleo la pili liliandaliwa. Evans alipokwenda kununua karatasi, wauzaji wakamgomea. Basi. Hakuna adui aliyempiga Lion Man wala msomaji aliyemchoka; karatasi tu ndiyo iliyokosekana. Jioni ile tulipolisoma, wapinzani wa agizo walinyamaza kidogo, ingawa mmoja alikumbusha kwamba toleo moja halitoshi kutuambia kama Lion Man angedumu. Ni kweli, haliwezi. Ila nani alimnyima nafasi ya kujaribu?

Kikao kilichozua kelele kuliko vyote kilikuwa cha B'wana Beast, na nitakikalia kidogo kwa kuwa kuna azimio linalowasubiri. Huyu alitoka kwenye kitabu cha katuni cha Showcase, namba 66 na 67, mwaka 1967, mwandishi akiwa Bob Haney na mchoraji Mike Sekowsky. Ni Mzungu, Mike Maxwell, ambaye ndege yake inaanguka Mlima Kilimanjaro. Anajificha pangoni, anakunywa maji ya mvua yaliyochujika kwenye miamba yenye madini, anapata nguvu za ajabu. Kisha anapambana na gorila mkubwa aitwaye Djuba, na akishamshinda anapewa kofia ya chuma inayomwezesha kuwaamuru wanyama, hata kuwaunganisha wawili wakawa mmoja. Nguo yake sitaieleza, walioiona wameiona.

Mwanachama wetu wa Moshi alicheka hadi akatoka nje. Aliporudi aliuliza huyo gorila alipanda Kilimanjaro kutokea wapi, kwa kuwa wa karibu wako Uganda, Rwanda na Kongo. Lakini nyuma ya kicheko kulikuwa na hasira ya haki. Mlima ni wetu, Mwafrika aliyeanguka na ndege ileile, Rupert Kenboya, yupo pale pale, na bado maji ya pangoni yanamchagua mgeni. Baadhi yenu mlitaka kitabu hicho kiondolewe maktabani siku ileile.

Niliomba tusubiri, kwa sababu habari ya B'wana Beast haikuishia 1967. Mwaka 1988 mwandishi Grant Morrison alimfufua katika mfululizo wa katuni wa Animal Man. Amefika San Diego akimtafuta Djuba, aliyetekwa na kufanyiwa majaribio ya maradhi maabara, na anamkuta wa kufa. Mwaka uliofuata, katika namba 13, anaivua kofia na kuikabidhi kwa Dominic Mndawe, mwanaharakati wa Afrika Kusini, huku ubaguzi wa rangi ukiwa bado sheria ya nchi ile. Yaani mwandishi mwingine aliliona kosa lilelile tuliloliona sisi, na badala ya kumfuta mhusika akamlazimisha aachie kiti. Kwangu mimi huo ni uhakiki bora kuliko kuchoma kitabu. Wengine hamkushawishika, na mnayo haki hiyo.

Tulimsoma pia Batwing, David Zavimbe, aliyeletwa mwaka 2011 kama mtu wa Batman barani Afrika. Ni polisi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zamani alikuwa askari mtoto, na adui wake mkuu anageuka kuwa ndugu yake wa damu, Isaac. Hadithi ina damu nyingi kupita kiasi, kwa maoni yangu. Mwanachama mmoja aliyekulia Bukavu alisema linalomkera si damu. Linalomkera ni kwamba nchi imepewa jina lake la kweli, halafu mji, Tinasha, umebuniwa, kana kwamba Kongo haina miji. Mwaka 2013 vazi la Batwing likahamishiwa kwa Luke Fox, kijana wa Gotham, na kisa kikahamia Marekani. Kongo ikaachwa njiani.

Kuhusu mahakama nitasema kwa ufupi. Kapteni Marvel wa kampuni ya Fawcett kuna wakati aliuza kuliko hata Superman, na wenye Superman wakamshtaki kwa kunakili. Kesi ilianza mwaka 1941, na mwaka 1953 Fawcett wakalipa na kuacha kumchapisha. Alipozama alizama na kundi zima la maadui, akiwemo niliyempenda kuliko wote mwaka huu, Mister Mind. Kuanzia 1943, katika hadithi ya sura 25, wasomaji walisikia sauti tu ya bwana huyu ikiongoza jeshi la waovu wa kila aina. Wakangoja waone jitu la namna gani. Alipoonekana, alikuwa mnyoo mdogo mwenye miwani na kipaza sauti shingoni. Mwisho wake alishtakiwa mahakamani kama mtu, akahukumiwa kifo kwenye kiti cha umeme, kisha akakaushwa na kuwekwa jumba la makumbusho. Nimewahi kusoma riwaya za watu wazima zenye ujasiri mdogo kuliko huo.

Na kuhusu mitambo: kampuni ya Charlton ilikuwa Derby, Connecticut, ambako kazi zote, kuanzia uandishi hadi usambazaji, zilifanyika sehemu moja, kwa malipo duni. Waanzilishi wake wawili walikutana jela. Mwaka 1966 walimtoa Peacemaker, mwanadiplomasia anayependa amani kiasi cha kuwa tayari kupigana kwa ajili yake. Hakudumu. Mwaka 1983 kampuni ya DC iliwanunua mashujaa wa Charlton, na mwandishi Alan Moore akataka kuwatumia katika katuni yake ya Watchmen. DC wakaona wataharibiwa, wakamwambia abuni wengine. Ndipo Peacemaker akawa chanzo cha yule Comedian wa Watchmen. Miaka mingi baadaye, mwaka 2022, Peacemaker mwenyewe akapata tamthilia ya runinga. Kwa hiyo wale mnaosema aliyesahaulika kasahaulika kwa haki, mtueleze: ni yupi aliyekuwa sahihi, msomaji wa 1966 au mtazamaji wa 2022?

Usiku wa maadui uliandaliwa na kamati ndogo ya vijana na ulijaza ukumbi. Nyota alikuwa Kite Man, aliyejitokeza mwaka 1960 katika Batman namba 133. Anaiba kwa kutumia tiara. Ndiyo, tiara, zile za watoto. Jina lake ni Charles Brown, na kwa miongo mingi alikuwa wa kuchekwa, ndugu wa mbali wa Lodi Lofa wa katuni zetu. Mwaka 2017 mwandishi Tom King alimwandika upya: baba aliyeachika, hohehahe, anayelazimishwa kuwatumikia wakubwa katika vita kati ya Joker na Riddler, maadui wa Batman, hadi Riddler anapomuua mwanawe kwa kupaka sumu kwenye uzi wa tiara. Ukumbi uliokuwa ukicheka ulinyamaza. Sijawahi kuona mabadiliko ya namna hiyo kwenye vikao vyetu.

Kijana mmoja akaleta upande wa pili wa shilingi. Mark Gruenwald wa kampuni ya Marvel, mtu aliyesimamia kamusi nzima ya wahusika wao, aliona maadui wadogo wamezidi. Mwaka 1986, katika Captain America namba 319, akawakutanisha kwenye baa moja huko Ohio, wakipanga namna ya kujilinda dhidi ya muuaji anayewawinda. Muuaji alikuwa ndiye mhudumu wa baa. Akawamaliza wote. Sisi tumelelewa na msemo kwamba stelingi hafi. Tumejifunza kwamba msemo huo una upande wake wa giza, yaani wasio mastelingi wanaweza kufa kumi na zaidi kwenye ukurasa mmoja ili kusafisha kabati. Na bado ni Gruenwald huyohuyo aliyezipenda katuni hizi kiasi kwamba alipofariki mwaka 1996, majivu yake yalichanganywa na wino wa kuchapia kitabu chake, kama alivyoomba.

Mchoraji Fletcher Hanks na Fantomah wake wa 1940, mwanamke ambaye uso wake hugeuka fuvu akikasirika, hatukumfikia. Squirrel Girl, shujaa msichana mwenye nguvu za kindi, tulimsoma kwa haraka mno. Vijana wanaomdai wataridhika mwakani.

Sasa mambo ya ndani. Maktaba ilipata unafuu, kwa kuwa vitabu kadhaa vya miaka ya 1940, All-Negro Comics kikiwemo, havina tena hakimiliki Marekani, na tumevichapa wenyewe kwa gharama ya karatasi na wino tu. Vya DC na Marvel ni lazima tununue, na bei ya kuviagiza inapanda. Kamati inapendekeza ada iongezwe, na kiwango atakitaja Mhazini. Kuna wanaoazima vitabu na kuvirudisha vimepigwa pasi kwa mafuta ya chipsi. Majina yenu ninayo, sitayasoma leo.

Maazimio ni matatu. Mtapigia kura ada. Mtapigia kura B'wana Beast: abaki kwenye rafu na wengine, au akae kwenye sanduku la pekee pamoja na Animal Man namba 13, asiazimwe mmoja bila mwingine. Pendekezo hilo la pili ni la mwanachama wa Moshi, nami naliunga mkono. Na mtachagua tutasoma nini mwakani. Kamati inaelekea kwa Legion of Substitute Heroes wa mwaka 1963, vijana waliokataliwa na jeshi la mashujaa kwa kuwa mmoja ana nguvu gizani tu, mwingine anageuka jiwe na akishageuka hawezi kusogea, nao wakaunda chama chao wenyewe. Mwenye pendekezo jingine ampe Katibu kwa maandishi kabla ya chai.

Naomba kuwasilisha.