Mtoto anaondoka kichanga, anarudi abiria

Mama Eliza shosti,

Mambo vipi huko Bukoba, senene washaanza au bado? Uliniuliza kama mwezi wa sita tunaenda wote kwa dada Hamburg nikakaa kimya wiki mbili, sio kwamba nilikuchunia, nilikuwa nagombana na kikokotoo.

Mimi akili yangu yote ilikuwa kwenye nauli. Kumbe kila kichwa kinakuja na bili yake. Pasipoti laki na nusu, mkubwa mtoto sawasawa, tuko wanne hapo laki sita imeondoka na hata viza hujaigusa. Viza ya Schengen, hiyo ya kuingilia Ujerumani, mimi euro 90, Kulwa 45, Doto 45 (mapacha hawana ofa shosti), Nyanzala peke yake ndo bure kwa vile hajafika miaka 6. Bado bima, kila mtu ya kwake, inayobeba matibabu ya angalau euro 30,000. Alafu wanataka stetimenti ya benki, sasa hela yangu ya dagaa unaijua, inaingia Jumatatu kutoka soko la Mwaloni hapa Mwanza, Jumanne ishatoka, ukiisoma hiyo karatasi utadhani nafukuzwa.

Nikaenda kwa jamaa wa tiketi pale mjini. Akaniambia mapacha lazima siti, punguzo lao kama robo tu, ila huyu mdogo utampakata, analipa kama asilimia 10 ya nauli yako. Nikatoka pale nacheka mwenyewe mpaka kwenye daladala. Usiku niko kitandani ikanijia, Nyanzala anatimiza miaka 2 tarehe 2 Julai na sisi tunarudi tarehe 9! Asubuhi nampigia, jamaa kaguna weee, "aah dada, hapo kurudi atahitaji siti." Na cheti cha kuzaliwa alikishika kwa mkono wake! Yaani mtoto anaondoka kichanga anarudi abiria.

Basi nimeamua. Naenda na Nyanzala tu, kurudi tarehe 29 Juni, mapacha watakaa Magu kwa bibi yao. Baba Kulwa anasema tusubiri tuje twende wote, nikamwambia ukisubiri na huyu naye atakuwa wa siti, hela utazipata wapi? Kanyamaza. Fomu ya ridhaa kasaini lakini, maana bila sahihi yake mtoto haendi popote.

Kulwa hana habari, yeye Magu kuna ng'ombe inatosha. Doto ndo kaniumiza. Nimemkuta ameshapanga nguo zake kwenye shangazi kaja, juu kabisa kaweka viatu vya shule kavipiga rangi, eti Ulaya hawavai ndala. Sijamwambia bado. Nafungua mdomo naishia kumuuliza kama amekula.

Wewe na Eliza mko vizuri, ana mwaka na miezi minne, mkienda huo mwezi wa sita anapakatwa kwenda na kurudi. Ila hesabu tarehe ya kurudi, sio ya kuondoka. Na usisubiri dakika za mwisho, maombi ya viza yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na alama za vidole unaenda kutoa mwenyewe Dar, siku nzima kwenye basi, miguu inavimba kama mandazi.

Lile koti la Eliza la manyoya bado unalo? Mpe mtu wa meli, nitalifuata bandarini mwenyewe.

Wako,
Mama Kulwa