Dawa ya kuogeshea ng'ombe inaua paka

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumze na wenzetu wanaofuga mbwa na paka nyumbani, pamoja na wauzaji wa maduka ya dawa za mifugo. Masika yakishika kasi, kupe nao huongezeka, na hapo ndipo wanapoanza kuletwa paka wanaotetemeka mwili mzima na mbwa wanaotokwa na mate kama povu. Wenye wanyama husema jirani kawatupia sumu. Mara nyingi sivyo. Mnyama amepakwa dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe na mtu wa nyumba ileile, mtu anayempenda, tena asubuhi ya siku hiyohiyo.

Ng'ombe akiogeshwa, sehemu kubwa ya dawa hubaki juu ya manyoya na ngozi yake. Paka hujilamba mwili mzima, kila siku, kwa saa nyingi. Kwa hiyo chochote unachompaka paka, hesabu kwamba umemlisha. Tena ini lake limepungukiwa na kimeng'enya ambacho binadamu na mbwa wanakitumia kuvunja kemikali nyingi za aina hii. Dawa ambayo mbwa anaimaliza mwilini kwa muda mfupi, kwa paka huendelea kuzunguka kwenye damu na kushambulia neva.

Kwa sababu hiyo permethrini na sipamethrini, dawa za kuua kupe na viroboto, hazifai kwa paka kwa kipimo chochote cha josho wala cha mbwa. Kuna vichupa vidogo vya dawa ya kudondoshea mgongoni mwa mbwa ambavyo vina permethrini kali sana. Mtu hukata bei kwa kumgawia paka nusu ya kichupa cha mbwa, na nusu hiyo inatosha kumuua. Hata paka anayelala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa leo yuko hatarini, basi watenganishe siku mbili tatu. Dalili huanza ndani ya saa chache, ingawa zinaweza kuchelewa mpaka kesho yake: masikio na uso kuchezacheza, kuyumba, kutetemeka, kisha degedege. Ukiziona zile za mwanzo, muoshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, umsuuze, umkaushe na kumfunga kwenye taulo. Maji ya moto hufungua mishipa ya ngozi na kuingiza dawa zaidi. Baridi nayo huzidisha mtetemeko. Akishaanza degedege usihangaike na kuosha, mkimbize kwa daktari wa mifugo.

Amitrazi, dawa nyingine ya josho la kupe, ni habari nyingine. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kuogeshwa nayo, ila kipimo ndicho kinachovunjwa kila siku. Chupa ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita moja ya maji. Watu hupima kwa kifuniko, na kifuniko cha chupa hii si sawa na cha chupa ile. Hata kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, ndani ya lita moja tayari ni mara mbili na nusu ya kipimo. Mbwa aliyezidishiwa hulegea, husinzia, mwili hupoa na mapigo ya moyo hushuka. Mwenye mbwa hufurahi kwamba leo ametulia. Usimuogeshe nayo mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi minne, jike mwenye mimba, wala paka. Mbwa aliyeogeshwa mzuie asijilambe mpaka akauke. Chupa iliyokaa wazi tangu mwaka jana itupwe, kwa kuwa dawa hii ikichakaa huzidi ukali. Na maji yaliyobaki yasimwagwe kwenye mfereji unaoelekea mtoni au bwawani, samaki hawayahimili.

Zipo pia dawa za kundi la ogano-fosfeti, mfano klofenvinfosi, ambazo bado zinapatikana madukani kwa ajili ya ng'ombe. Hizi tunasema wazi: zisiguse mbwa wala paka. Mnyama hutokwa na mate na machozi, hujikojolea, huharisha, mboni za macho hubana zikawa kama tundu la sindano, na pumzi hukatika. Daktari ana atropini ya kumwokoa. Lakini atropini hiyohiyo haifai kwa aliyezidishiwa amitrazi, inaweza kumharibia zaidi tumbo na utumbo. Ndiyo maana swali la kwanza utakaloulizwa ni "chupa iko wapi?" Ukijibu kwamba uliuziwa dawa imepimwa kwenye chupa ya soda, isiyo na lebo, daktari anabaki kubahatisha kwa kuangalia macho na mapigo ya moyo, na muda unakwenda.

Sindano ya ivamektini ndiyo kipenzi cha wengi kwa sababu inasifiwa kuua minyoo, upele na kupe kwa pamoja. Ile ya asilimia 1 imepangwa kwa ng'ombe, mililita 1 kwa kila kilo 50. Sasa chukua mtoto wa mbwa wa kilo 2. Hata kwa hesabu hiyo ya ng'ombe angestahili mililita 0.04, ambayo ni kama tone moja. Akidungwa mililita nzima amepata mara 25. Huyumba, mboni hupanuka, haoni, kisha hupoteza fahamu, na dawa ya kuifuta ivamektini mwilini haipo; kinachobaki ni kumhudumia kwa siku nyingi akiwa amelala. Mbwa wa aina ya collie na chotara wao wengi wana kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hii kupenya kwenye ubongo hata kwa dozi ndogo, na katika machotara wa mitaani si rahisi kujua nani ameirithi.

Kabati la dawa za binadamu nalo si salama. Paka akionekana mnyonge hupewa kipande cha parasetamoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kwa paka wa kilo 4 ni sawa na mtu wa kilo 70 kumeza vidonge 17 kwa mkupuo, tena mtu huyo ini lake linajua la kufanya. Madhara kwa paka yameonekana hata kwa miligramu 10 kwa kilo, kwa hiyo robo kidonge haimsalimishi. Fizi hubadilika kuwa za kahawia au buluu kwa sababu damu haibebi tena hewa, uso na nyayo huvimba. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa nyingine za maumivu, nazo huchimba vidonda tumboni na kuua figo, kwa mbwa na kwa paka.

Kuhusu oili chafu ya gari kwa mbwa mwenye ukurutu: wadudu wa ukurutu wako ndani ya ngozi, oili iko juu. Ngozi huungua, mbwa huilamba, na ikiingia mapafuni haitoki. Mafuta ya taa ni vivyo hivyo.

Mnyama aliyelishwa sumu usimnyweshe maziwa wala mafuta ya kula. Tunajua imani hii ina mizizi. Lakini sumu nyingi za wadudu huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo mafuta yanaisaidia kuingia kwenye damu. Na mnyama mwenye degedege ukimmiminia kitu mdomoni kinakwenda mapafuni. Maji ya chumvi ya kumtapisha yanaweza kuua yenyewe. Mkaa wa dawa unasaidia kwa baadhi ya sumu, lakini atoe daktari, na kwa mnyama anayeweza kumeza.

Mtu atauliza, basi kupe tuwafanyeje? Kwa paka na mbwa waliofikisha wiki nane ipo fiponili ya kudondoshea shingoni kwa nyuma, pale ulimi usipofika. Soma tu uzito ulioandikwa kwenye pakiti, na usiitumie kwa sungura, kwake ni sumu. Kupe wachache watoe kwa kibano: shika karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuminya tumbo lake. Kisha lishughulikie banda. Kupe wa mbwa akishiba hudondoka, hupanda ukutani na kutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa. Ziba nyufa kwa saruji, choma magunia ya kulalia, fagia pembe zote kila wiki. Anayeogesha mbwa na kuacha banda atakuwa anaogesha kila mwezi, na hapo ndipo kishawishi cha kuongeza kipimo kinapoingia.

Kujua uzito hakuhitaji vifaa maalumu. Panda mzani ukiwa umembeba mnyama, kisha panda peke yako, utoe. Kwa dozi ndogo omba bomba la sindano la mililita 1, lenye mistari ya 0.01.

Kwa wauzaji wa dawa, ombi letu ni maswali mawili kabla ya kupokea pesa: ni mnyama gani, na ana kilo ngapi? Mteja akisema paka, mwambie ukweli kwamba josho halimfai, hata kama utapoteza mauzo. Msipimie dawa kwenye chupa za maji na soda. Na mamlaka zinazosajili dawa hizi zidai kila chupa inayouzwa nchini iwe na onyo la Kiswahili na mchoro wa paka uliopigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, ukubwa wa kuonekana na mtu aliyesimama upande wa pili wa kaunta.

Wahudumu wa tiba ya wanyama,
Dar es Salaam