"Mwanaume wa Dar" tulimzoea, huyu beta mmemtoa wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu lile jedwali la aina za wanaume mlilolichapa ukurasa wa vijana wiki tatu zilizopita, alfa yuko juu kabisa na picha ya simba, beta yuko chini kashika mkoba wa mkewe. Mimi ni kinyozi Mbagala. Gazeti lenu nikilinunua asubuhi linakaa kwenye benchi la wateja mpaka jioni, kila anayesubiri zamu analisoma kwa sauti. Kwa hiyo mkichapa upuuzi, mimi ndiye ninayeshinda nao kutwa.

Sina ugomvi na majina ya kuchekana. Tumepitia brazameni, bishoo, sharobaro na marioo, hadi tukafika kwa huyu "mwanaume wa Dar" anayekula chipsi mayai, umeme ukikatika analalamika, na usoni anafanyiwa skrabu. Binamu yangu wa Shinyanga hunipigia simu makusudi kuniuliza kama leo nimeshapaka losheni. Namwambia nimepaka, na ile hela ya mbolea aliyokopa kwa mwanaume wa Dar ataileta lini? Tunacheka, simu inakatika. Huo ni utani, ndugu yake ule wa Mchaga na Mpare au wa Simba na Yanga. Anayetaniwa naye ana zamu yake. (Na kusema kweli, hiyo skrabu ndiyo inayolipa kodi ya fremu yangu.)

Haya ya alfa na beta hayana zamu. Kijana akiitwa beta haambiwi amekosea nini, anaambiwa ndivyo alivyo, na eti sayansi imethibitisha. Nikamuuliza mteja wangu mmoja, mwalimu wa baiolojia, sayansi gani hiyo. Akanieleza.

Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwamwitu aliowachunguza katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Walikuwa wamefungiwa, hawana pa kukimbilia, wakawa wanagombana nani awe juu ya nani, na wa juu ndiye akaitwa alfa. Mwaka 1970 mtafiti Mmarekani, L. David Mech, akalieneza wazo hilo katika kitabu chake. Baadaye, kuanzia 1986, akawa anakwenda kisiwa cha Ellesmere, Kanada, kuwatazama mbwamwitu walio huru. Akakuta kundi ni baba, mama na watoto wao. Huyo "alfa" ni mzazi tu! Mwaka 1999 akaandika makala ya kujisahihisha, na akawa anawaomba wachapishaji waache kukitoa kile kitabu, mpaka kikaachwa 2022. Mwenyewe kashaondoa kiti chake, nyie ndio kwanza mnakalia.

Ni kama mtu aende mahabusu, amtazame nyapara anavyowanyang'anya wenzake blanketi, halafu arudi uraiani aandike jinsi baba anavyoishi na wanawe.

Mbwamwitu wetu wa Ruaha na Nyerere ni jamii nyingine (sisemi wale wahuni waliotusumbua mjini kwa jina hilo). Lakini hata wao, wakishaua swala, watoto hula kwanza. Hilo halikuonekana kwenye jedwali. Na sigma, huyo mnayesema yuko juu ila hapendi foleni, kwa Wagiriki ni herufi ya 18. Akija kwangu Jumamosi na namba hiyo atanyolewa saa nne usiku.

Ninaandika kwa sababu ya mteja mmoja, konda wa daladala. Jumapili alikuwa anakuja na binti yake wa miaka minne, anampeleka kwa mama msusi fremu ya jirani, anamshika kichwa asilie akisukwa twende kilioni, ndipo anarudi kunyoa. Vijana wa benchi walikuwa wakimwita mwanaume wa Dar. Anawajibu, "Ndiyo, na msuko nimechagua mimi," wanabaki hoi. Siku waliyomsomea jedwali lenu, wakamwonyesha na ile picha ya mkoba, hakujibu kitu. Alilipa akaondoka, hata chenji hakuisubiri. Jumapili mbili sasa anakuja peke yake. Mama msusi ameniuliza mtoto yuko wapi, nikamwambia sijui.

Halafu jambo moja. Alfa wenu kavaa saa, kaegemea gari. Kwa nini msiandike tu bei? Dada zetu wakisema "mwanaume suruali" angalau tunaelewana kuwa kinachozungumzwa ni hela. Mtu mwezi huu mambo yamemkatalia, ni suruali. Mwezi ujao akipata kibarua bandarini amekuwa mwamba, na tabia ni ileile, hata kiatu hajabadilisha.

Ombi langu: Jumamosi ijayo, ukurasa uleule, chapeni habari za huyo Mech na jinsi alivyojisahihisha, kwa herufi kubwa kama mlizompa simba. Nakala ya benchi nitanunua. Na nyingine nitamwekea konda.

Kinyozi,
Mbagala, Dar es Salaam